Mtu wa Mita

9 Januari

Koleo, mdogo wangu,

Kwanza Mama. Hajambo? Mwambie miwani yake imeonekana. Ilikuwa ndani ya jokofu langu nyuma ya maziwa, na hakuna anayetaka kusema ilifikaje. Wifi yako ni mzima, anakusalimu sana. Meno uliyomtengeneza hayajamsumbua tena, ila siku hizi hapiti mbele ya kioo bila kutabasamu, na mimi ndiye ninayechelewa kazini kwa kumsubiri. Goti langu bado lina utundu wake. Mengine salama.

Haya, kaa chini. Kama una mgonjwa kwenye kiti, toa kwanza mikono yako mdomoni mwake.

Nimeacha vichekesho.

Ndiyo, mimi! Kaka yako, niliyezeeka nikiwamwagia watu unga na kuwaangusha kwenye madimbwi, nimeacha. Filamu ijayo ni ya kutisha. Mtu ataingia ukumbini, atakaa, na atashika roho mkononi mpaka taa ziwashwe. Juzi nilikwenda kumwambia mwenye studio, yule tunayemwita Tajiri. Akacheka. Nikamwambia sifanyi mzaha. Akacheka zaidi, akamwita mhasibu aje asikie. Nikapandwa na hasira, nikagonga meza, kikombe cha kalamu kikapinduka, na hapo ndipo Tajiri akaanza kufuta machozi. "Unaona?" akaniambia. "Hata ukikasirika unachekesha. Wewe umeumbwa hivyo."

Mwishowe amekubali, lakini kwa sharti. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa kwa umma, yeye atakaa ukumbini asikilize. Watu wakicheka, filamu inakuwa yake. Ataikatakata upya, ataiwekea tarumbeta, na itauzwa kama kichekesho chenye jina langu. Nimetia sahihi.

Usiniulize inahusu nini. Kuna nyumba, kuna watoto wawili, kuna mlango. Nina jambo moja tangu utotoni ambalo kila nikiliandika linageuka mzaha mikononi mwangu, na safari hii nataka lisimame kama lilivyo. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Jibu upesi. Nina furaha kama mtu aliyeruka ukuta na bado hajatua.

Kaka yako


30 Januari

Kaka,

Mama ameipata habari ya miwani, anasema jokofu lako ni dogo mno ndiyo maana vitu vinapotelea humo. Huo ndio utetezi wake. Shemeji yako anakusalimu, amenunua mashine ya kukata nyasi na sasa tuna kila kitu isipokuwa nyasi. Kliniki imejaa. Baada ya sikukuu watu wote hukumbuka kuwa wana meno.

Sasa wewe. Umerogwa? Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Halafu nikampigia makofi mtu asiyekuwepo chumbani! Kaka yangu, katika umri ambao wenzako wanahesabu vidonge, unaanza upya. Nakuonea fahari, na nakuonea huruma kwa huyo Tajiri.

Lakini usinifiche. Watoto wawili na mlango? Hiyo si ni ya mtu wa mita! Wewe una miaka tisa, mimi sita, Mama yuko zamu hospitalini ametuambia tusimfungulie mtu yeyote. Mara kitasa kinaanza kuzunguka. Polepole, bila hodi, bila neno. Sisi tumejibana chini ya meza. Wewe ukatambaa mpaka mlangoni, ukachungulia kwenye tundu la ufunguo, ukageuka ukaninong'oneza: "Ni mtu wa mita, kaja kusoma mita ya maji, na suruali imemwanguka. Anashindwa kubisha hodi kwa sababu mkono mmoja umeshika kitasa na mwingine umeshika suruali." Nilicheka mpaka nikalowesha sakafu. Mpaka leo ukiisimulia mbele za watu nalinda kibofu. Kwenye harusi yangu ulipoisimulia, shemeji yako alipaliwa na soda, na ndugu zake wakadhani nimemwekea kitu.

Hicho ndicho kilikuwa kichekesho chako cha kwanza. Unakigeuzaje kiwe cha kutisha? Lete hiyo skripti. Hujawahi kutoa filamu kabla sijaisoma, nawe ukiweka alama ya tiki kila ninapocheka. Huwezi kuanza kunitenga sasa.

Mdogo wako,
Koleo


21 Februari

Koleo,

Salamu zako zimefika, na Wifi anauliza kama hiyo mashine ya nyasi mnaweza kuikodisha. Hapa kwetu ni wazima wote. Mama mwambie nimenunua jokofu kubwa zaidi, aje alijaribu.

Tumeanza kupiga picha! Sikwambii raha yake. Unamkumbuka Puto, yule wa mashavu, aliyecheza filamu zangu zote. Kwenye vituo vya mabasi watu humwona tu akipepesa macho wakaanza kujishika mbavu. Nimempa sehemu ya mtu aliye nje ya mlango. Kila mtu aliniona mwendawazimu. Siku ya kwanza alipoingia seti, mafundi wa taa walicheka kabla hajavua koti. Yeye mwenyewe akaniuliza, "Mkubwa, nicheze nini hapa?" Nikamwambia, usicheze chochote. Shika kitasa, usijali sisi, fikiria kwamba una muda wote duniani.

Akashika kitasa. Koleo, sijui niseme nini! Lile jitu linalochekesha hata likipiga chafya lilisimama pale, na mkono wake ukaanza kuzungusha kile kitasa taratibu, na fundi wa taa aliyekuwa anakunywa chai akakiweka kikombe chini asikitazame tena. Nilipopiga kelele "kata" hakuna aliyejongea. Puto akageuka akauliza, "Nimekosea?" Nikamkumbatia mbele ya watu wote.

Nakutumia skripti, yote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Huo nimeubakiza, na usinisumbue kuhusu huo. Soma ukiwa peke yako. Halafu niambie ukweli mtupu, maana hapa wote wananiogopa au wananionea huruma.

Kaka


12 Machi

Kaka,

Mama hajambo, shemeji yako hajambo, mpwa wako amefaulu mtihani wa kuendesha gari na sisi tumehamia kutembea kwa miguu.

Skripti nimeisoma kati ya mgonjwa na mgonjwa, mlango nimeufunga. Nilipofika pale kitasa kinapozunguka kwa mara ya pili nilicheka. Nilicheka kwa sauti, Kaka, mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza kama nimejidunga ganzi mwenyewe. Nilijaribu kuendelea nikacheka tena. Ikabidi niiweke kwenye droo.

Mtu wa mita hayumo. Nimemtafuta ukurasa kwa ukurasa. Umemweka wapi?

Mgonjwa ananisubiri, ana jino la mwisho limekaa vibaya. Nitaandika vizuri zaidi nikitulia.

Koleo


20 Aprili

Kaka,

Mbona kimya? Nimemuuliza Wifi kwa simu, akasema upo, unakula nusu sahani na unakaa chumba cha uhariri mpaka wanakufungia geti. Nikamwomba akupe simu, akasema umeingia bafuni. Nimepiga mara nyingine, bado ulikuwa bafuni. Kwa sasa lazima uwe mtu msafi kuliko wote nchini.

Nimekukosea? Kama nimekukosea sema. Mama anauliza habari zako kila siku, na mimi namwambia unafanya kazi, na yeye ananitazama vile anavyojua kutazama.

Koleo


16 Mei

Koleo,

Mimi ni mzima. Wifi yako ni mzima. Mama mpe salamu zangu.

Umeniuliza kama umenikosea. Nilikutumia kitu nilichokibeba maisha yangu yote, nikakuomba ukweli, ukanijibu kwamba ulicheka mpaka dada wa mapokezi akaja. Basi. Nilijiambia labda ulikuwa umechoka, labda ulisoma vibaya. Nikakaa kimya nikaendelea na kazi, maana ningeandika siku ile ningeandika maneno ya kujutia.

Wiki iliyopita tuliijaribu. Tuliwaita wafanyakazi wa studio na familia zao tukawaonyesha, bila ile sehemu ya mwisho ambayo bado hatujaipiga. Mwanzo walitulia, nikaanza kupata matumaini. Kitasa kikaanza kuzunguka. Na wakacheka! Ukumbi mzima, Koleo. Kicheko kilipita kama mtu amefungua bomba. Kitasa mara ya pili, wakacheka tena, na mke wa mhasibu alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Tajiri alikuwa nyuma yangu. Alinipiga tu begani, na kesho yake nikamkuta mpiga tarumbeta ofisini kwake anakunywa chai.

Wewe ndiye kipimo changu tangu tukiwa watoto. Ukicheka, watu wanacheka. Sijawahi kukuona ukikosea, na safari hii pia hukukosea. Nadhani Tajiri alisema kweli, nimeumbwa hivi. Nataka nimwendee nimwambie aichukue mapema, asisubiri hiyo siku ya umma. Angalau nisiwepo wakati inaaibishwa.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Salamu baadaye. Wote wazima. USIENDE KWA TAJIRI.

Ewe mwanamume, umefanya vichekesho miaka yote hii na hujui kucheka ni nini? Nisikilize mimi ninayeshinda nikitazama watu wamelala chali na midomo wazi.

Mgonjwa akikaa kwenye kile kiti, kabla sijamgusa, anacheka. Si wote, lakini wengi. Hasa wanaume wakubwa, wenye sauti. Naiwasha taa, wanacheka. Nachukua koleo, wanacheka zaidi, wananitania, "Daktari, hilo la kung'olea misumari?" Unadhani nawafurahisha? Wanaogopa, Kaka! Woga ukikosa mlango wa kutokea hutokea mdomoni kama kicheko. Nilipoanza kazi nilikuwa nacheka nao. Sasa sitazami mdomo. Natazama mabega. Mtu aliyefurahi, akicheka mabega yanashuka, mwili wote unalegea. Mtu anayeogopa, akicheka mabega yanapanda mpaka yanakaribia masikio. Huyo wa mabega juu simdungi sindano kwanza, nakaa naye tuzungumze.

Mimi nilisoma skripti yako mabega yakiwa masikioni. Nilicheka kwa sababu nilikuwa naogopa kufa! Niliiweka kwenye droo kwa sababu nilishindwa kuendelea, na droo nikaifunga kwa ufunguo, mwanamke mzima, saa sita ya mchana. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Na kwa sababu kama ningekwambia hivyo ingebidi nikuulize jambo jingine ambalo sikutaka kuuliza.

Na nikwambie hili ulijue. Siku ile chini ya meza, nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla hujasema la suruali. Kitasa kilipoanza tu. Ndivyo nilivyo. Kipimo chako kina mambo mawili, na wewe umekuwa ukisoma moja.

Waonyeshe watu wengine. Usikae nyuma kama kawaida yako. Kaa mbele, chini ya skrini, uwageukie, uwatazame mabega. Halafu uniandikie siku hiyo hiyo.

Koleo wako


18 Juni

Koleo! Koleo! Koleo!

Mama salama? Shemeji salama? Vizuri, mimi nina wazimu.

Nilifanya ulivyosema. Nilitoka nje nikakusanya watu wa mtaani kwetu, mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, madereva, mwenye duka la vioo na wanawe. Nikawaambia ni bure. Nikaweka kigoda chini ya skrini, mgongo kwa filamu, uso kwa watu. Wakaniangalia kama mgonjwa. Taa zikazimwa, nikawa naona nyuso zao kwa mwanga wa picha.

Kitasa kikazunguka. Mabega yakapanda! Safu nzima, kama wamevutwa kwa kamba moja! Fundi cherehani mnene alikuwa anacheka huku amemshika mkono dereva asiyemjua, na dereva naye hakuutoa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Miaka yote nimewasikiliza watu wangu kwa nyuma, nimeona visogo tu. Sijawahi kuziona sura zao.

Na kwa kuwa nilikuwa nawatazama, nikaona pale kicheko kinapochomoka. Kila mara ni palepale. Kumbe nilikuwa nimeweka kingoma kidogo kitasa kinaposimama, dum, kama ninavyoweka kwenye vichekesho kumwambia mtu sasa pumua. Mkono wangu umezoea, ukaweka wenyewe! Ndicho kilichokuwa kinawafungulia mlango. Mhariri wangu amekiondoa. Tumeondoa muziki wote, na kitasa tumekiacha kizunguke mpaka mwenyewe nikataka kukimbia. Nikawaita wale wale tena. Hakuna aliyecheka, na mwenye duka la vioo alitoka akaniambia kwa hasira kwamba sasa atalala na taa imewaka, na bei ya umeme nitailipa mimi.

Ile sehemu ya mwisho nayo tumeipiga. Mtoto anayecheza kaka alinishangaza. Puto alitaka kulia.

Ufunguzi ni tarehe 2 Agosti, saa kumi na mbili jioni. Tajiri hajui lolote kuhusu mabega, bado anamweka mpiga tarumbeta karibu. Kwa hiyo ni kufa na kupona. Lazima uje. Na hilo jambo ulilosema hukutaka kuniuliza, usiniulize kwa barua.

Kaka yako mwenye wazimu


5 Julai

Kaka,

Sisi hatujambo. Mashine ya nyasi imepata mteja, shemeji yako anatembea kifua mbele. Nimeruka jikoni na barua yako mkononi kama msichana wa shule, Mama akaniuliza nimeshinda nini.

Kuja sitaweza. Kiti cha wagonjwa kimekwama, kimegoma kushuka, fundi amesema spea inatoka mbali. Pia kuna wagonjwa nimewaahidi wiki hiyo. Pia mpwa wako ana gari letu.

Haya, ni uongo. Kiti kimetengenezwa tangu Jumanne. Naogopa. Wewe unakijua kicheko changu, kinasikika mtaa wa pili. Nikikaa humo ndani na kitasa kikazunguka, nitacheka, nitawaambukiza wote, na Tajiri atachukua filamu yako kwa sababu yangu mimi. Sitaki kuwa tarumbeta ya Tajiri. Nitakuombea nikiwa hapa.

Halafu kuna jambo hili. Jana Mama alikuwa anafuta miwani yake, nikamweleza kwamba filamu yako ni ile siku ya mtu wa mita. Nilidhani atacheka, kama anavyocheka kila mara ukiisimulia. Akaivaa miwani, akasema, "Ile ilikuwa Jumapili. Watu wa mita hawafanyi kazi Jumapili." Basi, akaendelea na mambo yake! Nikamuuliza mbona miaka yote hakusema. Akanijibu, "Mlikuwa mnacheka."

Kaka, umesema nisikuulize kwa barua. Nakuuliza. Alikuwa nani?

Koleo


15 Julai

Koleo,

Wote wazima. Humu ndani kuna tiketi. Kiti ni cha pembeni kabisa, karibu na mlango wa kutokea, ili ukizidiwa utoke.

Filamu bila wewe ndani yake sijui kuitoa. Ukicheka, cheka. Kama itakufa kwa kicheko chako, basi ilikuwa haina uhai.

Umeuliza alikuwa nani. Njoo.

Kaka


9 Agosti

Kaka,

Mama anakupongeza. Shemeji yako anakupongeza, ameukata ule ukurasa wa gazeti wenye picha yako akaubandika kwenye mashine ya nyasi. Nasikia umemuuliza Wifi kama alisikia kicheko changu ukumbini, akasema hapana, ukahuzunika ukidhani sikuja.

Nilikuja.

Nilifika taa zikiwa zinazimwa, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Na mdomoni, usicheke, nilikuwa nimejaza pamba. Zile ninazowawekea wagonjwa mashavuni, nne juu na nne chini. Bibi aliyekaa jirani yangu alinisalimu nikamjibu "mmh", akanionea huruma, akanipa peremende ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Tajiri alikuwa safu mbili mbele yangu, na mpiga tarumbeta ubavuni kwake, amevaa suti! Jina la Puto lilipotokea, ukumbi wote ulicheka na kupiga miluzi. Tajiri akamgeukia mwenzake, wakatabasamu. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Halafu nyumba ikaonekana. Ile meza, Kaka. Hata ule mguu wake mmoja ulioshikizwa kwa kipande cha mbao umeukumbuka. Kitasa kikaanza. Watu wakanyamaza. Ukumbi uliojaa vile, nikawa nasikia mtu wa mbali akimeza mate. Kitasa kikazunguka, kikasimama, na hakukuwa na kingoma. Kikazunguka tena. Hapo mtu mmoja akacheka.

Pamba zangu zilikuwa mahali pake, hakuwa mimi. Alikuwa Tajiri! Peke yake, "he he he", mabega yako masikioni, amemng'ang'ania mpiga tarumbeta koti. Watu wakamfyonya pande zote, mama mmoja akamwambia, "Baba, nyamaza wewe!" Akanyamaza. Tangu pale hakuegemea tena mgongo wa kiti chake.

Halafu yule mtoto akatambaa mpaka mlangoni. Akaweka jicho lake kwenye tundu la ufunguo. Kamera ikachungulia pamoja naye. Na upande wa pili kulikuwa na jicho.

Sikuweza kucheka, Kaka. Nilishika mkono wa bibi wa peremende. Jicho tu, limetulia, linatazama ndani. Linatutazama sisi. Mtoto hakupiga kelele. Akageuka, akamwona mdogo wake chini ya meza anatetemeka, na nikaona uso wake unavyotafuta la kusema. Akanong'ona, "Ni mtu wa mita. Suruali imemwanguka."

Kichekesho chako cha kwanza. Kile kilichomfanya shemeji yako apaliwe na soda. Ukumbi mzima, na Puto akiwa nje ya mlango, na jina lako juu, na hakuna aliyecheka hata mmoja. Watu walikuwa wanalia, Kaka. Bibi wa jirani alikuwa analia. Taa zilipowaka walisimama, wakapiga makofi mpaka nikadhani dari linashuka, na mimi nikapita mlango wa pembeni nikashika basi la kurudi, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Miaka tisa ulikuwa nayo. Uliona lile jicho ukageuka ukanitengenezea suruali. Na ukaendelea kuisimulia hiyo suruali kwenye harusi na kwenye mazishi, ukaifanya kazi ya maisha, na jicho ukabaki nalo wewe. Ningekuwa karibu ningekupiga, halafu ningekukumbatia mpaka ukose pumzi.

Nilikwambia nilianza kucheka kabla hujasema la suruali. Ni kweli. Lakini sikukumalizia. Nilicheka mabega juu, nisingeweza kuacha, ningecheka mpaka atusikie. Wewe ukasema la suruali, na mabega yakashuka. Nakumbuka kabisa yalivyoshuka. Hukunikuta tu ninacheka, ulinitoa kwenye kicheko cha woga ukanipeleka kwenye cha furaha.

Sasa nimelijua jicho, na naona mwenyewe hata wewe hukumjua. Nimelala na taa imewaka wiki nzima, mpelekee mwenye duka la vioo salamu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Nisimulie tena lile la suruali.

Mdogo wako


16 Agosti

Koleo wangu,

Mama hajambo? Shemeji, na mashine yake? Wifi yako anakuapia kwamba usiku ule alimwona mwanamke amevimba mashavu anakimbilia basi, akasema, "Masikini, huyo anahitaji daktari wa meno." Mimi nilisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za nyuma, na sitakwambia nilivyofanya baada ya hapo.

Tajiri amemrudisha mpiga tarumbeta kwao. Sasa anawaambia watu kwamba wazo la filamu lilikuwa lake.

Haya. Sogea, ingia chini ya meza. Usitoe sauti.

Kuna mtu mlangoni. Ngoja nichungulie. Ahaa, ni mtu wa mita! Kaja kusoma mita ya maji, siku ya Jumapili, maana ni mtu mwenye bidii kupita kiasi. Ana kitabu kwapani, kofia ya serikali, na mkanda wake aliuazima kwa mjomba wake mnene. Kafika tu mlangoni kwetu, mkanda umekatika, suruali hiyoo, mpaka kwenye viatu. Mkono mmoja ameshika kitasa asianguke. Mkono mwingine anaivuta suruali, lakini ameikanyaga mwenyewe, kwa hiyo kadiri anavyovuta ndivyo anavyojiinamisha. Na jirani wa mbele katoka kumwaga maji, kamwona, wamesalimiana. "Habari za kazi?" "Nzuri, mama, ila leo upepo mwingi."

Sasa nijibu upesi, usinidanganye. Mabega yako wapi?

Kaka